Faili la Jina la Nyumbani

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata sasa ninapoandika haya nimeshainuka, nimekwenda mlangoni, nimechungulia nje pasipo na kitu cha kuonwa, nikarudi kuketi. Mama alizoea kusema kwamba nilianza kutembea mapema kuliko wenzangu, kisha nikasahau kusimama. Nilipokuwa kijana sikutaka kabisa kazi ya kukaa. Nilinunua baiskeli, nikafunga mzigo wa mitumba nyuma, nikawa mtu wa masoko. Siku ya soko la Kanyangi nilikuwa kwetu nyumbani. Siku za Tawa na Wote baiskeli ilipandishwa juu ya basi, nami nikashuka huko na kuanza kuita wateja kabla mzigo haujafunguliwa. Watu walinijua kwa kelele na kwa haraka.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyegongwa na lori.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, karibu na nyumbani, pale barabara inaposhuka kuelekea mto wa mchanga. Lori lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Wote, limejaa mchanga, na breki zake zilikuwa breki kwa jina tu. Niliusikia mlio wake nyuma yangu, nikajaribu kuliachia njia, na kutoka hapo sikumbuki kitu. Niliambiwa baadaye kwamba mama alitoka shambani mbio na jembe mkononi, na kwamba mwenye duka mmoja alitupakia kwenye pikapu yake akatukimbiza hospitalini. Mama alikaa nyuma pamoja nami, kichwa changu mapajani mwake, ameshika mguu wangu usichezecheze. Jembe alifika nalo hadi wodini. Manesi walimnyang'anya.

Nilipozinduka nilikuwa kwenye plasta kuanzia nyongani hadi kwenye vidole. Nesi akaniita kwa jina la nyumbani, nikaitika. Daktari, mzungu mmoja mpole aliyekuja kwa mkataba, naye akaniita hivyohivyo. Sikushangaa. Ndilo jina nililoitwa tangu utotoni, lenye maana ya mtoto aliyezaliwa njiani, maana uchungu ulimshika mama akitoka kuteka maji. Nilikuwa na mambo mengine ya kushangaa, kama vile kulala chali juma baada ya juma nikitazama dari, mimi niliyekuwa siwezi kumaliza chakula bila kusimama.

Mfupa wa paja uliunga vibaya. Daktari hakunificha. Aliniambia mguu umekuwa mfupi na umepinda, kwamba ni lazima uvunjwe tena na kuwekwa chuma katika hospitali kubwa Nairobi, na kwamba nisikawie, kwa sababu kadiri siku zinavyokwenda ndivyo mfupa unavyokomaa katika upotofu wake na kuivuta nyonga. Kisha akaniruhusu kwenda nyumbani na magongo mawili. Muda mfupi baadaye mkataba wake ukaisha, akarudi kwao ng'ambo.

Nyumbani hapakuwa na uwezo wa kupasuliwa Nairobi. Baba alikuwa ameshafariki. Mbuzi wa boma lote wasingetosha kunifikisha mlangoni mwa chumba hicho cha upasuaji. Lakini lori lilikuwa na bima, na dereva alikuwa ameshapatikana na hatia polisi walipompeleka kortini. Kila mtu akaniambia, we shitaki tu, hiyo ni kesi rahisi. Sijui ni nani aliyewafundisha watu kuita kesi rahisi.

Wakili niliyempata Kitui mjini alikuwa na ofisi juu ya duka la mabati. Nilipanda ngazi zile kwa magongo huku nikitukana kimoyomoyo. Nikaanza kumsimulia ajali, mto, breki, mama na jembe. Akanisikiliza kidogo, kisha akaniinulia mkono.

"Kijana, story ni nzuri," akasema. "Lakini kwa kesi za ajali mgonjwa haongei. Karatasi za hospitali ndizo zinaongea. Wenye bima watauliza kama uliumia siku hiyo, uliumia nini, na kama huo mguu haukuwa hivyo tangu zamani. Niletee rekodi zako."

Nikaenda hospitalini siku iyo hiyo. Mama alikuwa amenisindikiza, akabaki kwenye benchi nje. Karani wa rekodi akachukua kitambulisho changu, akaingia katikati ya mafaili, akarudi mikono mitupu. Akaenda tena kwa sababu nilikuwa nimeanza kupandisha sauti. Akarudi vilevile.

"Wewe haujawahi kulazwa hapa," akasema.

Nikamwonyesha mguu.

"Huo ni mguu," akasema. "Mimi nimetafuta faili."

Nilitoka pale kwa hasira, nikamwambia mama kwamba wamenipoteza, kwamba hawa watu wameuza faili langu kwa wenye bima, na mengine mengi yaliyonijia. Mama alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, akitazama chini, "Waambie watafute lile la nyumbani."

Nikarudi ndani nikalitaja. Karani alilipata faili mara moja. Lilikuwa langu, lote: tarehe ya ajali, paja la kushoto, kovu la kidevuni nililolipata nilipoanguka kisimani, hata maelezo kwamba mgonjwa ni mkorofi na hataki kulala. Picha ya eksirei ilikuwa ndani ya bahasha yake. Juu ya faili limeandikwa jina la nyumbani, na mahali pa jina la pili karani wa siku ile, kwa kukosa la kuandika, alikuwa ameandika Kanyangi.

"Sasa wewe ni nani?" karani akaniuliza, ameshika kitambulisho mkono mmoja na faili mkono mwingine.

Kwa mtu wa kwetu jambo hili halihitaji kuelezwa, lakini nitalieleza. Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Na mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hiyo ni nthoni, heshima iliyochanganyika na haya, na kwa mama ilikuwa imefika mifupani. Akimwona babu anakuja njiani, yeye hukata kichakani. Babu akiingia boma, mama huhamia nyuma ya nyumba. Sasa, babu alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa upande wetu, na nilipozaliwa nikapewa majina yake yote mawili, la Kikamba na la ubatizo, mithili ya mtu anayerithi suti pamoja na viatu vyake. Jina langu la tatu ni la baba, yaani la mumewe, na hilo nalo mama hakuwa akilitaja. Alimwita baba watoto mpaka siku ya kumzika. Kwa hiyo katika kitambulisho changu chote hapakuwa na neno moja ambalo mama angeweza kulitoa mdomoni. Damu inanitoka, karani anauliza mgonjwa anaitwa nani, naye akatoa lile moja alilokuwa nalo.

Nilikuwa na umri wa kuoa na sikuwa nimewahi kumsikia mama akinitaja kwa majina hayo. Hata sikuwa nimewahi kuliona hilo kuwa jambo.

Wakili hakucheka. Alisema hata maelezo ya polisi yana jina la kitambulisho, kwa hiyo wenye bima watakuja na watu wawili: mmoja aliyegongwa na mwingine aliyetibiwa. Daktari yuko ng'ambo. Nesi mkuu wa wodi amehamishwa mkoa mwingine. Anayeweza kuwaunganisha watu hao wawili wawe mmoja ni yule aliyetoa jina pale mapokezi. "Mama yako atasimama kizimbani," akasema, "aseme, huyu niliyemwandikisha kwa jina hili ndiye mwanangu anayeitwa hivi. Majina yote. Kwa mdomo wake. Hiyo tu."

Hiyo tu.

Siku ya kesi ikapangwa, ikaahirishwa. Ikapangwa, hakimu akawa mgonjwa. Ikapangwa, wakili wao akaomba muda. Mimi nilikuwa nyumbani nikizunguka boma kwa magongo mpaka nikachimba njia yangu, kutoka ghalani hadi lango la mbuzi na kurudi. Usingizi ulinikimbia. Kila asubuhi nililala sakafuni nikapima miguu miwili kwenye ukuta nione kama ule mfupi umezidi ufupi, na kila asubuhi niliona umezidi. Nyonga ilikuwa imeanza kuuma. Nikisikia basi likipita barabarani kwenda Wote siku ya soko, nilitamani kurusha magongo.

Nikaanza kumfundisha mama. Jioni jikoni, akipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, nilikaa mlangoni nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, jaribu. Hapa hakuna mtu. Sema jina langu mara moja tu."

Akakoroga sufuria.

"Ni jina langu. Sahau ni la mtu mwingine."

"Chumvi imeisha," akasema.

"Mwaitu!"

Akageuka na mwiko mkononi. "Wewe unataka nisimame mbele ya watu nimtaje huyo mzee kama naita kuku? Nikirudi hapa nitapita wapi?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia yeye ana miguu miwili, ataona pa kupita. Akanipakulia chakula, nami nikakikataa, kisha nikakila.

Tukamleta mchungaji. Alikunywa chai, akafungua Biblia, akamweleza mama taratibu kwamba korti itamwapisha aseme kweli, na kusema kweli si kumkosea mkwe heshima, kwani Mungu anajua moyo wake.

"Mungu anajua, ndio," mama akasema. "Lakini Mungu hakai kwa ile boma, mchungaji. Mimi ndio nakaa."

Mchungaji akaomba chai zaidi.

Babu alijua yote haya, kwa sababu katika boma letu hakuna asichokijua mtu. Lakini na yeye angesemaje? Hawezi kumwita mkaza mwanawe wakajadili jambo kama hilo. Alikuwa mzee mkali, mpenda vitu vitamu, na masikio yake yalikuwa yamechoka zamani. Redio aliibandika sikioni kama simu na bado akalalamika kwamba siku hizi watangazaji wananong'ona. Aliniita wajina. Siku kesi ilipokubali hatimaye kusikizwa, nilimkuta barabarani amevaa koti lake la kanisani, anasubiri basi.

"Unaenda wapi?" nikampigia kelele.

"Kortini, wajina. Ni jina langu wanashtaki nalo, nisiende?"

Nikaona kesi imekwisha kabla ya kuanza. Ndani ya basi babu alikaa mbele kabisa na mama nyuma kabisa, nami katikati, mguu umenyooshwa njiani, kila anayepita ananikanyaga. Nilikuwa na hasira na wote wawili, na waliotutangulia, na yeyote yule aliyeanzisha mambo ya majina duniani.

Korti ilikuwa imejaa. Babu akapata kiti karibu na mlango. Nilitoa ushahidi wangu vizuri, kwa haraka mno, hakimu akaniambia nipunguze mwendo. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, mtulivu, mwenye kuandika kila neno kwa mkono. Kisha mama akaitwa. Akaapishwa. Biblia aliishika kwa mikono yote miwili. Wakili wangu akamwongoza hadi siku ya ajali, pikapu, wodi, naye akajibu yote bila kusita, mkalimani akitoa Kikamba na kuweka Kiingereza. Hata la jembe alilisema, watu wakacheka kwa wema.

Wakili wa bima akasimama. Kijana, tai imekaza shingo.

"Mama, huyu kijana wa magongo ni nani wako?"

"Ni mtoto wangu."

"Uliwaambia hospitalini anaitwa nani?"

Akalitaja jina la nyumbani.

"Hilo liko kwa kitambulisho chake?"

"Hapana."

"Kwa kitambulisho anaitwa nani?"

Mama akakunja ncha ya leso yake.

Akaulizwa tena. Akashika ukingo wa kizimba, akatazama mikono yake. Mkalimani, ambaye ni mtu wa kwetu, hakumsukuma. Naye alitazama mikono yake. Kijana wa tai akageukia hakimu. "Mheshimiwa, shahidi hajui jina la mtoto wake mwenyewe. Huyo wa hospitali ni mtu mwingine."

Wachache wakacheka, na safari hii haikuwa kwa wema. Nilijikuta nimesimama. Askari akanikalisha. Mkalimani akaomba ruhusa, akamweleza hakimu mambo ya nthoni, naye hakimu akasikiliza yote, akaandika. Wakili wangu akaomba mama aruhusiwe kunionyesha kwa kidole tu. Hakimu akafikiri.

"Kidole kitanionyesha mtu," akasema, "na mtu namwona. Ninachohitaji ni jina la kwenye shtaka na jina la kwenye faili kuunganishwa na shahidi huyu. Namheshimu mama. Lakini siwezi kuandika kimya. Atajibu, au niendelee bila ushahidi wake na bila faili hilo."

Bila faili hilo. Nikauona mguu wangu ukibaki hivyo hadi kaburini. Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Alikuwa hanitazami mimi wala hakimu. Alikuwa anatazama kule mlangoni.

Nikageuka. Babu alikuwa anainuka. Alijishika kwenye kiti cha mbele, akaokota fimbo yake, akavaa kofia. Sijui alikuwa amesikia nini katika yote yale. Nadhani hakusikia lolote, aliona tu. Mzee ambaye ungeweza kumwita jina lake hatua mbili nyuma yake asigeuke. Asingelisikia hata mama angelipiga kelele. Lakini akatoka. Askari wa mlangoni alimwuliza kitu, yeye akaendelea na safari yake. Kupitia dirishani tukamwona akikata uwanja polepole, akipita bendera, akipita magari, na watu wote kortini, hakimu pamoja nao, wakamngoja bila kujua kwa nini wanamngoja. Akafika langoni. Akavuka barabara. Akasimama ng'ambo ya pili, akatugeuzia mgongo.

Mama akafuta uso kwa leso. Akanigeukia.

Akalitaja jina la ubatizo, kisha la Kikamba, kisha la baba. Hakuyasema kama mtu anayejibu swali la wakili. Aliyasema kwa sauti ile aliyokuwa akiniitia chakula jioni nikiwa mdogo na niko mbali bondeni na mbuzi, sauti ndefu ya kuvuka mto. Na mimi, mtu mzima, katikati ya korti, niliitika. Niliinuka bila magongo nikaitika kama nilivyokuwa nikiitika kutoka bondeni, machozi yakinitiririka, na askari hakunikalisha.

Hakimu aliandika. Faili likapokelewa. Mfupa wangu ulivunjwa tena Nairobi kabla ya mwaka kwisha, ukanyooshwa, na ninachechemea kidogo tu, hasa nikiwa sina haraka, jambo ambalo ni nadra.

Siku ile tulipotoka nilimfuata babu ng'ambo ya barabara. Alikuwa ananunua mandazi. Alinipa mfuko, akasema moja langu na mengine ya mama yangu, hajala tangu asubuhi, nimpelekee. Nikamwuliza kwa kelele kama amesikia chochote.

"Kusikia nini?" akasema. "Niko hapa kitambo."

Mama aliyapokea yale mandazi nyuma ya jengo la korti, akala amempa babu mgongo, naye babu akiwa ng'ambo akala amempa mama mgongo.

Jioni, jikoni, nilikaa mlangoni pangu pa siku zote. Moto ulikuwa umekolea. "Mwaitu," nikamwambia, "niite tena. Mara moja tu."

Alikuwa ameinua sufuria kwa ncha za leso, mvuke umemfunika uso. Aliniita kwa jina la nyumbani, akaniambia niuondoe huo mguu mlangoni apite.